Dawa Zitangulie Masika

Mto Ruvu hausubiri mvua inyeshe Mzenga ndipo ufurike. Maji yake mengi yanashuka kutoka milima ya Uluguru, yanaongezewa nguvu na Mgeta na Ngerengere, kisha yanatambaa hadi mabonde ya Kibaha na Kisarawe. Yanaweza kufika siku ambayo jua linawaka, wakulima wako shambani na hakuna aliyeliona wingu. Ndiyo maana wazee wa Uzaramo walioko bondeni huuliza habari za Morogoro kabla ya kutazama anga la kwao.

Mzenga ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, lakini mguu wake mmoja uko Kibaha. Barabara inayotoka Mlandizi hupita hapo kuelekea Maneromango, na mgonjwa aliyezidiwa mara nyingi huishia kupelekwa Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Kibaha. Kiangazi safari hiyo ni vumbi tu na makalio kuuma juu ya bodaboda. Masika ni habari nyingine. Tope linashika gurudumu, nauli inapanda mara mbili, kisha dereva anakataa kabisa na hata ukimuongezea pesa hasikii. Kwa kijana mwenye afya, siku mbili tatu za barabara kufungwa ni usumbufu. Kwa mama mwenye mimba ya miezi tisa, kwa mzee wa presha aliyebakiza vidonge vinne, kwa mtoto wa kifafa ambaye dawa yake imeisha jana, siku hizo hizo ni jambo la kufa na kupona.

Nchi hii ina mazoea ya kuhesabu maafa kwa maji yanayoonekana. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za El Nino zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236, huku zaidi ya kaya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zikiathirika. Siku chache kabla, Msemaji Mkuu wa Serikali wakati huo, Mobhare Matinyi, alikuwa ametangaza vifo 58 katika wiki mbili za kwanza za mwezi huo, 11 kati yake vikiwa vya Mkoa wa Pwani. Ni hesabu za kweli na za kusikitisha. Ila ni hesabu za waliochukuliwa na maji na walioangukiwa na kuta. Aliyekufa kwa kiharusi wiki tatu baadaye kwa sababu zahanati ilizingirwa na maji hayumo, na mtoto aliyeharisha hadi akakauka baada ya kisima kuingiliwa na maji ya choo naye hayumo. Hao huandikwa, kama wanaandikwa, kuwa wamekufa kwa maradhi yao ya kawaida.

Walioamua kuhesabu upya walishtuka. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico Septemba 2017, serikali ya kisiwa hicho ilishikilia kwa muda mrefu kwamba waliokufa ni 64. Agosti 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington wakatoa makadirio yao: vifo 2,975 vya ziada katika miezi sita, na walioumia zaidi ni wazee na maskini. Wengi hawakuzama. Umeme ulikatika kwa miezi, barabara zikaziba, dawa na huduma zikapotea. Japani nako, katika Mkoa wa Fukushima, waliokufa baadaye kutokana na adha za kuhamishwa baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 wamekuwa wengi kuliko waliouawa na tetemeko na mawimbi yenyewe. Wengi wao walikuwa watu wazima wa miaka 65 na kuendelea.

Wajapani walichokifanya baada ya hapo kinaweza kufanyika hata Kisarawe. Mwaka 2013 walirekebisha sheria yao ya maafa na kuzilazimisha halmashauri kuandika orodha ya majina ya watu wasioweza kujiokoa wenyewe, ili siku ya tukio ijulikane nani anamwendea nani. Kinachohitajika ni daftari, kalamu na mtu mwenye dhamana ya kulishika. Daftari hilo linastahili kuandikwa Mzenga jua likiwaka, na pembeni ya kila jina paandikwe mahitaji ya mtu huyo kwa miezi mitatu ya masika. Mahitaji hayo yawe mkononi mwake kabla barabara haijafungwa.

Wapo watakaosema Tanzania si Japani. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya vinavyohitajika tayari ipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wakati huo, Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kupata wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Idadi hiyo haikuokotwa: ni wahudumu wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nayo ina orodha ya kaya maskini kijiji kwa kijiji, na zahanati ina rejista ya kliniki ya wajawazito. Tatizo la Mzenga, kama la vijiji vingi, ni kwamba madaftari haya hayajawahi kukaa meza moja. La TASAF linafunguliwa siku ya malipo, la kliniki siku ya kliniki, na la kamati ya maafa maji yakishaingia ndani.

Sasa tazama wenyewe wanaoitwa makundi maalumu. Kwenye hotuba wanatajwa kwa pumzi moja, wazee, wajawazito, watoto na wenye ulemavu, kana kwamba shida yao ni moja.

Mwenye ulemavu wa macho anaijua njia ya kwake kwa hatua na kwa sauti. Mafuriko yakihamisha mti, yakachimba korongo na kung'oa daraja la magogo, ramani yake yote imefutika. Asiyesikia hawezi kuamshwa na filimbi ya mgambo usiku. Sensa ya 2022 ilikuta kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Hata hivyo msaada unapofika kijijini hugawiwa kwa foleni. Lori linasimama, unga, maharage na blanketi vinateremshwa, na wenye kifua wanatangulia. Asiyeweza kusimama hutuma mtu, na aliyetumwa akirudi, mfuko umepungua. Jambo hili halihitaji utafiti, kila aliyewahi kusimama kwenye ugawaji amelishuhudia.

Mjamzito shida yake ina tarehe, na hapo ndipo serikali haina kisingizio. Kadi ya kliniki inaonyesha mwezi na wiki anayotarajiwa kujifungua. Kadi hiyo kwa kawaida iko ndani ya mfuko wa rambo uliochomekwa darini (rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, lakini ya kutunzia kadi haitupwi). Muuguzi wa zahanati akikaa na rejista yake mwezi wa pili, katika muda usiozidi asubuhi moja atajua ni akina mama gani watajifungua Machi, Aprili na Mei, na wanaishi upande gani wa bonde. Hao ndio wa kusogezwa mapema kwenye nyumba ya kusubiria, ile inayoitwa chigonella, au kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya. Asiye na ndugu atafutiwe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumbeba usiku kwenye machela katikati ya maji ya kiunoni.

Kuhusu usafiri wa dharura, mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022 ni wazo zuri mno: unapiga 115 bila malipo, gari la wagonjwa likikosekana anaitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, na analipwa na mfumo. Lakini gari dogo halivuki bonde lililojaa. Kwa vijiji vya upande wa Ruvu, wanaostahili kuwemo kwenye usajili huo wakati wa masika ni mwenye mtumbwi na mwenye trekta. Kisha kuna jambo ambalo Mzenga inalo na vijiji vingi havina: reli. Kituo cha TAZARA kiko pale. Treni na kiberenge cha mafundi wa njia hupita juu ya tuta wakati pikipiki zimekwama chini. Mamlaka ya reli na halmashauri zikikubaliana kwa maandishi kwamba barabara ikifungwa kiberenge kitabeba dawa na hata mgonjwa, hapo kuna njia ya pili ambayo haikugharimu hata mfuko mmoja wa saruji. Maji yanaweza kuikata reli pia, bila shaka. Ndiyo sababu zinahitajika njia mbili.

Mzigo mzito zaidi, na unaosahaulika kuliko yote, ni wa wagonjwa wa dawa za kila siku.

Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI Tanzania imeshafanya kazi ya kupigiwa mfano. Mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja kutoka kliniki ya tiba na matunzo. Utaratibu huu uliletwa ili kupunguza foleni na nauli, lakini umegeuka kuwa kinga ya maafa bila mtu kuupangia hivyo. Barabara ikifungwa mwezi mzima, mwenye dawa za miezi sita hana wasiwasi, mradi nyumba yake isisombwe. Mwenye presha jirani yake yuko kwenye hali tofauti kabisa. Huyo hupewa za mwezi mmoja, au hununua za wiki moja kwa kadiri ya pesa iliyopo, na akiona kichwa kimetulia anaruka siku. Mwenye kisukari cha sindano yuko pabaya zaidi kwa sababu insulini inataka ubaridi, na umeme ukikatika hana pa kuiweka isipokuwa chungu chenye maji. Kwa nini mgonjwa wa virusi aaminiwe na dawa za nusu mwaka na mzee wa presha asiaminiwe na za robo mwaka?

Jibu litakuwa fedha, na ni jibu la haki kwa kiasi fulani. Dawa za virusi zinanunuliwa kwa misaada mikubwa ya kimataifa, za presha zinanunuliwa na kituo kwa makusanyo yake au na mgonjwa mwenyewe. Zahanati ikitoa za miezi mitatu kwa wazee wote, kabati litabaki tupu. Lakini hapa hazitafutwi dawa zaidi kwa mwaka. Kidonge ambacho mzee angekimeza Aprili kinasogezwa tu kimfikie Februari. Ni suala la ratiba ya oda kwa Bohari ya Dawa, na ratiba ya masika inajulikana tangu enzi za mababu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeshaahidi matibabu bure kwa wazee wasiojiweza, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Dirisha hilo halina faida kwa mzee ambaye hawezi kulifikia kuanzia Machi hadi Mei.

Kuna hatari moja kwenye daftari hili na lazima isemwe wazi. Kijijini siri haina mlango. Mwenyekiti akipewa orodha inayosema fulani ana virusi na fulani ana kifua kikuu, kabla ya jua kuzama kilabu kizima cha pombe kitakuwa kinajua. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutoa siri ya mwenye virusi, na kwa kweli watu wataacha kujiandikisha. Kwa hiyo daftari la kijiji liandike mahitaji bila ugonjwa: huyu anahitaji kubebwa, huyu anahitaji dawa kutoka zahanati, huyu aamshwe kwa kuguswa. Jina la ugonjwa libaki kwenye faili la mganga. Wanaopenda fomu ndefu hawatafurahi, lakini kwenye maafa fomu fupi ndiyo inayofanya kazi.

Maji yakishapungua, maradhi ya pili hufika kwa zamu. Kwanza tumbo. Choo cha shimo kikijaa, kilichomo hutoka na kusambaa hadi kisimani, na kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Mwaka 1997, El Nino ilipokuwa inaanza kuuma, Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,000. Linganisha na Beira, Msumbiji, baada ya Kimbunga Idai cha Machi 2019. Kipindupindu kilizuka na wagonjwa wakapita 6,000, lakini chanjo ya matone iliwafikia zaidi ya watu 800,000 ndani ya siku chache, kambi za matibabu zikawekwa karibu na watu, na vifo vikabaki chini ya kumi. Ugonjwa ni ule ule, na umaskini wa Beira haupishani sana na wetu. Tofauti ilikuwa kasi. Mtoto mdogo na mzee hawana akiba ya maji mwilini ya kusubiri kikao cha kamati. Pakiti za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini inayochanganywa na lita moja ya maji safi, zinatakiwa ziwe nyumbani kwa mhudumu wa kitongoji kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Kisha mbu. Maji yakituama, wiki chache baadaye malaria inapanda, na hapo ndipo vyandarua vingi vinakuwa vimekwenda na maji au vinatumika kama blanketi. Msaada wa vyandarua mara nyingi hufika baada ya vumbi kurudi. Na kwa wafugaji waliohamia Pwani, wengi wao baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006, kuna homa ya Bonde la Ufa. Mayai ya mbu wanaoisambaza hulala kwenye udongo mkavu miaka na miaka yakisubiri mafuriko. Dalili ya kwanza ni mifugo kutupa mimba kwa wingi. Binadamu huambukizwa kwa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Mlipuko wa 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini. Katika kamati ya maafa ya kata, afisa mifugo anastahili kiti karibu na mganga, maana taarifa za ng'ombe zitafika kabla ya taarifa za watu.

Baada ya hapo njaa, na baada ya njaa mawazo. Aliyepoteza shamba lote la mpunga halali usiku, na hakuna anayemuuliza.

Kila mara mafuriko yakitokea, wako wanaotoa dawa moja ya kumaliza yote: watu wahame mabondeni. Wazo hilo lina mantiki yake. Lina historia yake pia. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wa bonde na kuwapeleka kwenye vijiji vya juu. Walihama, lakini mashamba hayakuhama. Rutuba ilibaki kule maji yanapopita, kilimo cha mlau, kile kinachofuata maji yakipungua, kilibaki kule, na watu wakaendelea kushuka na kulala kwenye madungu kulinda mazao yao. Mafuriko ya 2024 yalipokuja Rufiji na Kibiti, bonde lilikuwa na watu. Dar es Salaam nako, waliotolewa Jangwani baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walipewa viwanja Mabwepande, na baadhi wakarudi walikotoka kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini. Mtu anayeishi bondeni anajua hatari yake kuliko afisa anayemhutubia. Anapiga hesabu ya mavuno na maji, na miaka mingi hesabu yake inakuwa sahihi. Basi mipango ya afya imkute huko huko aliko.

Na hesabu hiyo itabadilika. Bwawa la Kidunda, linalojengwa Morogoro kuhifadhi maji mita za ujazo milioni 190, litabadilisha mwenendo wa Ruvu. Lengo lake kubwa ni maji ya Dar es Salaam wakati wa ukame, kama ule wa 2022 uliopunguza Ruvu hadi jiji likagawiwa maji kwa zamu. Wakazi wa chini ya mto wana haki ya kuuliza mapema: siku maji yakifunguliwa, taarifa itamfikiaje asiyesikia, asiye na simu, aliyelala shambani? Rufiji kulizuka mabishano makali mwaka 2024 kuhusu nafasi ya Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mafuriko yale, serikali ikisema bwawa liliyapunguza, wananchi wengi wakisema vingine. Yeyote aliyekuwa sahihi, ubishi ulifanyika watu wakiwa tayari shuleni wamejibanza, familia kadhaa darasa moja, na choo kilichojengwa kwa ajili ya watoto wa mchana.

Pesa ya kuanzia ipo, ingawa ni kidogo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wanakijiji ndani yake, inashiriki kupanga matumizi. Mpango wa mwaka unaandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai. Kamati inaweza kuandika humo oda kubwa ya dawa za presha, kisukari na kifafa kwa ajili ya Februari, pakiti za ORS na vidonge vya kutibu maji kwa kila kitongoji, na posho ya mhudumu ya siku mbili za kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Diwani naye anaweza kumuuliza Mganga Mkuu wa Wilaya swali moja kwenye kikao cha baraza cha robo ya pili: katika Kata ya Mzenga, wagonjwa wangapi wa dawa za kila siku watakuwa na dawa za kutosha hadi mwisho wa Mei, na majina ya waliobaki yako kwa nani.